Hai walivyowatafuta wagonjwa wa Parkinson, na kwa nini Simiyu tuige

Daftari la wagonjwa wa nje linamjua aliyefika hospitali tu. Mzee wa Dutwa au Nkololo ambaye mkono umeanza kumtetemeka, jirani akamwambia ni uzee na mganga akamwambia amerogwa, hayumo humo. Kwa ugonjwa wa Parkinson pengo hilo linavuruga hesabu yote. Ndiyo maana utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2008, unatuhusu sana sisi wa Simiyu.

Waliouongoza ni madaktari Catherine Dotchin na Richard Walker kutoka Uingereza, pamoja na wenzao wa Tanzania, akiwemo Oliver Msuya. Hai tayari ilikuwa na utaratibu wa kuhesabu watu kaya kwa kaya, uliotokana na mradi wa miaka ya 1990 wa kufuatilia vifo vya watu wazima. Watafiti hawakuanza upya. Walipachika maswali mafupi ya dalili ndani ya sensa hiyo ya watu 161,071. Majibu yakitia shaka, daktari alimfuata mhusika na kumpima.

Upimaji huo ndio uliobeba ufundi wote, kwa sababu si kila anayetetemeka ana Parkinson. Mkono wa Parkinson hutetemeka ukiwa umetulia pajani, kidole gumba kikisugua cha shahada kana kwamba kinaviringisha punje. Mzee akinyoosha mkono kuchukua kikombe, mtetemo hupungua. Upo mtetemo mwingine, ambao mara nyingi hurithiwa, wenye tabia ya kinyume: mkono ukipumzika hutulia, ukiinua kikombe chai humwagika. Daktari humwambia mtu agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka. Mwenye Parkinson huanza vizuri, kisha mwanya kati ya vidole hupungua na kasi hufifia. Halafu humkunja kiwiko kupima ukakamavu, na kumtembeza uani aone kama mkono mmoja umeacha kupunga. Vipimo hivi havihitaji mashine. Vinahitaji macho yaliyofundishwa.

Walipatikana wagonjwa 33, wanaume 23. Ni sawa na watu 20 katika kila 100,000. Kwangu mimi tarakimu nzito kuliko zote ni nyingine: asilimia 78 yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Utafiti huo ungefanywa kwa kupekua mafaili ya hospitali, watu wanane kati ya kila kumi wangekosekana, na wilaya ingejidanganya kuwa ugonjwa karibu haupo.

Kazi haikuishia kwenye kuhesabu. Wagonjwa walianzishiwa levodopa pamoja na carbidopa, na maendeleo yao yakafuatiliwa kwa miaka mitatu. Kundi la wagonjwa ambao hawakuwa wameanza dawa lilifundishwa kutembea kwa kufuata ishara za kuongoza hatua, na mwendo wao ukaboreka. Baadaye Gerry Mshana alishirikiana na Dotchin na Walker kuwahoji wagonjwa, wanaowauguza na waganga wa jadi kuhusu wanavyouelewa ugonjwa huo.

Turudi kwetu. Sensa ya 2022 iliupa mkoa wa Simiyu zaidi ya watu milioni 2. Tukitumia kiwango cha Hai tunapata wagonjwa wapatao 400. Makadirio haya yana mashaka yake: Parkinson ni ugonjwa wa uzeeni zaidi, na mkoa wenye watoto wengi utakuwa na wagonjwa wachache kwa idadi hiyohiyo ya watu. Lakini hata tukiyakata nusu, bado ni wakulima wa pamba na bibi zetu 200 ambao vidole vyao vimegoma, wakati dawa ya kuwasaidia imekuwepo tangu miaka ya 1960.

Nyenzo haziko mbali. Kisesa, wilayani Magu, ambako ndiko Busega yetu ilikomegwa, kaya zimekuwa zikihesabiwa na kufuatiliwa kwa utafiti tangu 1994. Naziomba mamlaka za afya za mkoa ziwape wahudumu wa afya ngazi ya jamii maswali machache ya aina ile ya Hai, na ziwafundishe matabibu wetu kile kipimo cha vidole. Nawe msomaji, ukiwa na mzee nyumbani ambaye mkono unamtetemeka akiwa amekaa tu, mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa pale Nyaumata, na wakishindwa waombe rufaa ya Bugando.