Ngoma na Ghala: Juu ya Kuhifadhi Michezo ya Unyakyusa

Neno ngoma lina maana nne, na kila mwenye Kiswahili anazijua zote. Ni chombo kilichowambwa ngozi; ni mlio wa chombo hicho; ni mchezo unaochezwa kwa mlio huo; tena ni mkutano wenyewe wa watu, uwe wa arusi, wa jando au wa matanga. Msemaji hana haja ya kueleza ni ipi anayoikusudia, kwa kuwa mambo hayo manne hutokea pamoja. Wataalamu wa Ulaya walipoanza kukusanya ngoma za Afrika ya Mashariki waliyatenga manne hayo. Chombo kilipelekwa kwenye kabati la makumbusho, mlio ukatiwa katika nta, mchezo ukawa picha, na mkutano ukawa sura ya kitabu. Yafaa kuuliza kama vipande hivyo vikikusanywa tena vitakuwa ngoma, na kama havitakuwa, vina faida gani kwa wenye ngoma.

Swali hilo lina uzito wake huko Mpuguso, karibu na mji wa Tukuyu katika wilaya ya Rungwe, ambako pana chuo cha kufundishia walimu. Mwalimu atakayeulizwa na watoto jinsi mababu wa Kinyakyusa walivyocheza ana njia mbili za kupata jibu. Ya kwanza ni wazee waliobaki. Ya pili ni karatasi na sauti zilizohifadhiwa mbali sana na Rungwe. Wamoravian wa Kijerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na nyaraka za misheni yao zinatunzwa Herrnhut, huko Ujerumani. Serikali ya Wajerumani iliijenga boma yake Tukuyu, mji iliouita Neu Langenburg. Baadaye, katika utawala wa Waingereza, walifika Godfrey Wilson na mkewe Monica, wakafanya utafiti wao Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Karatasi zao ziko katika Chuo Kikuu cha Cape Town.

Maandishi ya Wilson hao wawili ndiyo maelezo makubwa kuliko yote juu ya ngoma za matanga za nchi hiyo. Mwaka 1939 Godfrey alichapisha katika jarida la Bantu Studies makala juu ya desturi za maziko. Humo anaeleza jinsi wanawake wanavyomlilia maiti, na jinsi wanaume wanavyocheza nje kwa mlio wa ngoma wakiwa na mikuki mikononi, mchezo wenye asili ya vita. Anaonyesha jinsi huzuni inavyogeuka kidogo kidogo kuwa uchangamfu, na jinsi ugomvi ulivyoweza kuzuka papo hapo, kwa kuwa damu ya vijana ilikwisha kuchemka. Uzuri wa makala hiyo ni kwamba mwandishi hakuuona mchezo kuwa pambo la maziko. Aliuona kuwa ni kazi: wafiwa walikuwa wakitolewa katika hofu ya kifo na kurudishwa katika maisha. Monica aliyaendeleza mawazo hayo katika vitabu vyake, hasa Rituals of Kinship among the Nyakyusa, kilichotoka mwaka 1957.

Hata hivyo, sifa hiyo isifiche upungufu. Msomaji wa Wilson anafahamu kwa nini watu walicheza, lakini akisimama uwanjani hajui mguu upi utangulie. Mapigo ya ngoma hayamo katika maandishi. Namna ya kugeuza bega haimo. Tena maarifa mengi yalipita katika vinywa vya wasaidizi wa Kinyakyusa, kama Leonard Mwaisumo, ambao kwa miaka mingi majina yao yalibaki nyuma ya jina la mtaalamu. Na ghala lenyewe si salama kama lidhaniwavyo. Mwezi wa Aprili 2021 moto uliunguza chumba cha kusomea cha Jagger katika chuo hicho cha Cape Town, na vitabu na filamu nyingi za masomo ya Afrika zikateketea. Waliozoea kusema kwamba mzee akifa maktaba imeungua walikumbushwa siku ile kwamba maktaba nayo huungua.

Upungufu wa namna nyingine waonekana katika kazi ya Karl Weule wa Leipzig. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijasahauliwa hata kidogo, Weule alisafiri kusini ya nchi, Lindi, Masasi na Newala, akiwa na fonografu na kamera ya sinema. Alinasa nyimbo za watu wa huko, na michezo yao akaipiga picha ziendazo. Yeye alipata sauti na mwendo ambavyo Wilson hakuviacha. Lakini silinda ya nta huchukua dakika chache tu, na mwimbaji hana budi kusimama mbele ya pembe ya chombo na kuimba kwa kuamriwa. Ngoma iliyozoea kukesha ikakatwa ikawa kipande cha dakika tatu, tena mbele ya mgeni wa serikali iliyokuwa imetoka kupigana na wenyeji. Sauti hizo za Berlin ni za kweli, lakini tukio lililonaswa ni ziara ya Weule. Matanga au jando lenyewe halimo.

Hapa wafaa kukumbukwa mfano wa beni. Mchezo huo ulianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ukaiga bendi na gwaride la askari wa Kizungu, ukaenea Tanganyika ya Wajerumani, na baada ya vita vya 1914 hadi 1918 ukafika nchi za Ziwa Nyasa, ambako michezo ya mganda na malipenga ina alama zake. Terence Ranger alipoandika historia ya beni, katika kitabu kilichotoka mwaka 1975, alitegemea kwa sehemu kubwa majalada ya serikali. Maofisa hawakuyaandika kwa kuipenda ngoma. Waliandika kwa kuogopa vyama vya wachezaji, vyenye vyeo na matawi katika miji mingi. Basi kila ghala hubeba nia ya aliyelijaza, na msomaji mwangalifu huanza kwa kuichunguza nia hiyo.

Wajerumani walipohifadhi michezo yao wenyewe walikutana na taabu ile ile. Rudolf Laban alitangaza mwaka 1928 maandishi ya alama yanayoonyesha kila kiungo kinakwenda wapi na kwa muda gani. Huko Leipzig, mji ule ule wa Weule, Kurt Petermann alianzisha mwaka 1957 hifadhi ya michezo, ya kienyeji na ya kisasa. Mchezo wa Kurt Jooss, Der grüne Tisch, uliochezwa mara ya kwanza Paris mwaka 1932, umeandikwa kwa alama hizo na unachezwa hata leo. Lakini haukuishi kwa karatasi peke yake. Binti yake, Anna Markard, aliusimamia kwa miaka mingi, akienda toka kundi moja hadi jingine akiwafundisha wachezaji. Kwa hiyo hata penye maandishi kamili alihitajiwa mtu wa kuyasomesha mwili.

Tanzania nayo imejaribu njia zake. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962, alisikitika kwamba waliosoma walijua dansi za Kizungu kuliko ngoma za kwao, akaunda wizara ya utamaduni. Kikundi cha ngoma cha taifa kikaanzishwa, na baada yake Chuo cha Sanaa Bagamoyo, mwaka 1981. Radio Tanzania ilikusanya kanda nyingi. Juhudi hizo zastahili heshima, kwa maana ziliwapa vijana fahari. Lakini jukwaa nalo lina mkasi wake. Wachezaji walipangwa mistari wawaelekee watazamaji, muda ukafupishwa, na duara la watu wanaojibu wimbo likavunjwa likawa safu za viti.

Wako watakaosema kwamba ngoma ni kitu kilicho hai, na kinachokufa na kife. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama ngoma za Unyakyusa zingeachwa kwa hiari ya wenyewe tu. Lakini wamisionari waliwakataza Wakristo ngoma za matanga, na nyimbo za kanisa zikashika mahali pake. Lililokatwa kwa amri haliwezi kuhesabiwa kuwa lilijifia, na watoto wa waliokatazwa wana haki ya kujua walichokatazwa wazazi wao. Wala haki hiyo haiwalazimishi kukirudia. Yawapa uwezo wa kuchagua.

Kwa hiyo ghala ni la lazima, na peke yake halitoshi. Ubora wa hifadhi upimwe kwa kipimo hiki: je, mwalimu wa Mpuguso aweza kupata kwa pamoja maneno ya Wilson, sauti zilizonaswa, majina ya walioimba na sababu ya siku ile, kisha akampelekea yote mzee wa Rungwe amsahihishe? Nakala za karatasi na sauti huweza siku hizi kusafiri bila meli. Kinachokosekana ni wenye maghala kuzituma, na vyuo vya ualimu kuzipa nafasi katika masomo. Wazee wenye kuweza kusahihisha wanapungua kila mwaka, na baada yao vipande vitabaki vipande, hata vikitunzwa vizuri namna gani.