Mkono wa Sonara

Simba wa Barye akifikishwa mnadani, dalali huanza na jina: Antoine-Louis Barye, wa Paris, 1795 hadi 1875, bingwa wa wachongaji wa wanyama. Jina likitajwa, madau hupanda. Mimi ningeomba kwanza simba mwenyewe apinduliwe, miguu juu.

Jina lililo kwenye kitako halithibitishi kitu. Limechorwa kwenye kielelezo, kwa hiyo hutoka na kila nakala, ya halali na ya wizi. Ukweli uko chini ya kitako. Kwaruza kidogo mahali pasipoonekana, kwa ruhusa ya mwenye mali: shaba iliyochanganywa na bati itang'aa kwa unjano, zinki iliyopakwa rangi itang'aa nyeupe. Kisha chukua rula. Shaba ikipoa hunywea, asilimia 1 au 2 hivi. Mtu aliyefinyanga kalibu yake juu ya simba wa zamani ataambulia simba mdogo kidogo, tena mwenye manyoya yaliyofifia kama chapa ya sabuni iliyotumika wiki nzima.

Na manyoya ndiyo kazi yenyewe. Shaba inapotoka kalibuni haitamaniki: ngozi chafu, mishono pale vipande vya kalibu vilipokutana, vijiti vilivyoganda kwenye njia za kumiminia. Mafundi wa Paris wa karne ya 19 walitumia zaidi kalibu za mchanga, na mara nyingi sanamu iliyomiminwa vipande vipande iliungwa baadaye kwa pini. Fundi hukata, hupiga tupa, halafu hushika tindo ndogo na nyundo nyepesi, akaanza kulirudisha shungi la simba, unywele baada ya unywele, mpaka kiungo cha pini kipotee humo. Mwisho huja moto na asidi, vinavyoipa ngozi rangi. Katika kazi nzuri za Barye ni kahawia juu ya mgongo, na kijani kilichojificha kwapani na katikati ya vidole. Pitisha kidole begani: utausikia mfupa chini ya ngozi. Barye aliujua mfupa huo. Pale kwenye bustani ya Jardin des Plantes alichora wanyama hai na kupima mizoga, pengine akiwa na rafiki yake mchoraji Delacroix.

Lakini mkono wa kuusema mfupa huo kwa tindo aliupata kwingine. Baba yake alikuwa sonara, naye mwenyewe alilelewa katika ufundi huo kabla hajaitwa mchongaji. Wakubwa wa sanaa hawakumsamehe. Mtoto wa mfalme, Duke wa Orléans, alimwagiza mapambo ya meza ya karamu, makundi ya wawindaji na wanyama. Mwaka 1837 waamuzi wa maonyesho ya Salon wakayakataa, kwa hoja kwamba hiyo ni kazi ya sonara. Naam, ilikuwa hivyo, na ndiyo maana hadi leo watu wanaigombea.

Biashara haikumwendea vizuri. Mwaka 1848 alifilisika, na vielelezo vyake vikawa mikononi mwa mdai kwa miaka kadhaa. Mwaka 1876, baada ya kifo chake, mali ya karakana yake ilipigwa mnada Hôtel Drouot, na mwenye kiwanda cha shaba, Ferdinand Barbedienne, akanunua vielelezo vingi na kuendelea kuvimimina. Wafanyabiashara huzishusha bei nakala hizo kwa kuwa bwana alikwisha kufa. Hapo tunapishana. Kwa Barbedienne walikuwapo mafundi wa tindo wa hali ya juu, na kwa kawaida hawakuachiwa nafasi ya jina kwenye kitako.

Nikiwekewa simba wawili, mmoja wa enzi ya Barye aliyesuguliwa kwa dawa na mwenye nyumba mpenda usafi mpaka akang'ara kama kitasa cha mlango, na mwingine wa Barbedienne mwenye kijani chake chote kwapani, najua katalogi itanielekeza kwa nani. Dau langu lingekwenda kwa wa pili, na nisingekuwa wa kwanza kuushusha mkono.