Saa Yenye Jina la Mtu

Nianze kwa kukiri. Saa niliyovaa ni ya betri, ya bei ya kutupa, na haijapata kunidanganya. Inakwenda barabara kuliko saa nyingi za mamilioni, na nikiichoka nitanunua nyingine. Kwa hiyo msomaji asinidhanie tajiri. Saa za Mwingereza George Daniels nimeziona pichani tu, na katika kurasa za kitabu chake Watchmaking kilichotoka mwaka 1981. Rafiki yangu mmoja, mshairi mwenye ulimi wa pilipili, aliponikuta nimezama humo alinicheka: "Wewe bwana umekosa kazi. Watu wana njaa, wewe wasifia bangili za matajiri!" Makala haya ni jibu langu kwake, ingawa najua hataridhika.

Tutazame mwaka 1969. Siku ya Krismasi ya mwaka huo kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza Astron, saa ya mkono ya kwanza sokoni kuongozwa na fuwele ya kwatsi. Baada ya hapo saa ya springi haikuwa tena na hoja ya maana: ni ghali, na inakosea. Uswisi viwanda vilifungwa, na watu maelfu kwa maelfu wakapoteza kazi. Kumbe mwaka uleule, huko London, Daniels alikuwa amemaliza saa yake ya kwanza ya mfukoni, akiitengeneza kwa ajili ya mkusanyaji mmoja aliyeitwa Sam Clutton. Fundi mmoja, mnunuzi mmoja. Magurudumu, mishale, uso, kasha, karibu vyote alivifanya mwenyewe. Mpaka anafariki mwaka 2011 alikuwa ametengeneza saa 37 hivi. Kiwanda humaliza idadi hiyo kabla ya chai ya saa nne.

Watu wakiulizwa wakusanyaji wanavutiwa na nini katika saa kama hizi, hujibu upesi: uchache. Mie sikubali. Uchache wenyewe si sifa. Hata shairi baya laweza kuwa na nakala moja tu. Wengine hujibu: mkono. Eti uzuri wake ni kwamba zimetengenezwa kwa mkono, nasi tuone alama za tupa na tukaguswe moyo. Jibu hili ndilo linaloniudhi zaidi, maana nasi waandishi vijana tumelifanya kichaka cha kujifichia. Kazi ikiwa na kasoro twasema ina roho.

Hebu tusikie habari za Roger Smith. Alizaliwa mwaka 1970 huko Bolton, akajifunza ufundi wa saa Manchester, kisha akajifungia na kitabu cha Daniels hadi akatengeneza saa nzima ya mfukoni. Akaipeleka kwa mzee, ambaye wakati huo aliishi kisiwa cha Isle of Man. Mzee akaikataa. Kosa lake? Ilionekana kuwa imetengenezwa kwa mkono! Daniels alitaka saa ionekane kana kwamba imejiumba yenyewe, pasiwe na mahali ambapo jicho linamwona mtu akihangaika. Kijana akarudi nyumbani, akaanza upya saa ya pili, ngumu zaidi, akarudiarudia vipande vyake kwa miaka mitano hivi. Hiyo ndiyo iliyokubaliwa, mwishoni mwa miaka ya 1990, naye akaitwa kisiwani kufanya kazi na mzee.

Nilipoisoma habari hii niliutoa mswada wangu uvunguni, ule niliokuwa nikiwaambia watu kwamba umekataliwa kwa sababu wahariri hawaelewi. Nilisoma kurasa kumi. Zilionekana zimetengenezwa kwa mkono.

Kwa hiyo nadhani kinachompata mkusanyaji ni hiki: saa hizi zina mtu wa kuulizwa. Jina lililo usoni si nembo. Gurudumu likiwa baya ni yeye, likiwa zuri ni yeye. Saa ya mfukoni iitwayo Space Traveller, aliyoimaliza mwaka 1982 kwa heshima ya safari za Wamarekani mwezini, huonyesha majira ya jua na majira ya nyota kwa pamoja. (Sisi hatushangai: mshale uko kwenye saba, nasi twasema saa moja.) Daniels aliiuza, kisha akajuta kuiuza, akajitengenezea nyingine. Mwenye kiwanda hajuti hivyo.

Lakini mshairi wangu ana haki yake. Mwaka 2019, mzee hayupo, Space Traveller ya kwanza iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's mjini London kwa zaidi ya pauni milioni 3.6. Fedha hizo hazikumlipa fundi yeyote. Kuna wakusanyaji wanaozifungia saa ndani ya sefu kama dhahabu, haziguswi, hazitiwi ufunguo, mafuta yanagandamana. Hao ni wafanyabiashara tu. Clutton alikuwa mtu wa namna nyingine: alitoa fedha kabla fundi hajawa na jina. Naye Daniels, mtoto wa nyumba maskini, aliacha mali yake isaidie kufundisha vijana ufundi. Saa alizokuwa amezikusanya ziliuzwa mwaka 2012 kwa ajili hiyo. Bila watu kama hao Smith angeishia kubadilisha betri.

Wiki iliyopita nilimpelekea picha fundi saa wa mtaani kwetu, mwenye meza yake chini ya baraza. Bei hakuuliza. Aliuliza, "Mafuta anatia wapi?" Nikashtuka, kwani hilo ndilo swali lililomsumbua Daniels katika miaka ya 1970. Katika saa za kawaida, pale nguvu ya springi inapoachiwa kidogo kidogo, tiki kwa tiki, vyuma huburuzana, na mafuta yakizeeka saa inapotea. Yeye akabuni mpangilio ambao vyuma husukumana badala ya kuburuzana, hata haja ya mafuta pale ikapungua mno. Viwanda vilimkatalia kwa miaka. Omega ndiyo iliyoanza kuuza saa zenye ubunifu huo mwaka 1999.

Nilimweleza fundi kadiri nilivyoweza. Alinyamaza, akavaa tena kioo chake jichoni, akaichukua picha na kuisogeza kwenye mwanga.