Senti 50 za Walter Lee

Pazia la A Raisin in the Sun likishafunguliwa, hazipiti dakika nyingi kabla mtoto Travis hajamwomba mama yake senti 50 za shule. Ruth anasema hana. Walter Lee, baba mtu, anatia mkono mfukoni na kumpa. Halafu, macho kwa mkewe, anamwongezea 50 nyingine anunue matunda au apande teksi. Punde naye anatoka kwenda kazini, kisha mlango unafunguka tena. Amerudi kuomba nauli. Ruth anampa, na kumwambia achukue teksi.

Watu hucheka hapo. Lakini Lorraine Hansberry, aliyekuwa na miaka 28 tamthilia hii ilipofika Broadway Machi 1959, tayari ameshatandika msingi. Tumemwona mwanamume anayetenda kwa ajili ya anayemtazama, na tumejua ni macho ya nani anayoyajali kuliko yote.

Tangu hapo Walter anaigiza mara kwa mara ndani ya kile chumba cha Chicago ambako Travis hulala kwenye sofa na choo ni cha foleni na majirani. Akiwa amelewa anapanda juu ya meza, anajifanya shujaa wa vita wa Kiafrika na kumtaja Kenyatta kama mtu wake. (Wakati huo Kenyatta alikuwa bado mikononi mwa wakoloni, kaskazini mwa Kenya.) Ni kichekesho, na ni mazoezi pia.

Pesa zinafika: hundi ya bima ya dola 10,000, thamani ya uhai wa marehemu baba yake Walter. Mama, mjane wa marehemu, analipa 3,500 za mwanzo za nyumba huko Clybourne Park, mtaa wa Wazungu. Hakwenda kutafuta ugomvi. Nyumba zinazojengewa Weusi, anasema, zinauzwa ghali mno. Kwa sentensi hiyo moja ubaguzi unaingia kupitia bei, kabla hajatokea mbaguzi yeyote.

Mbaguzi mwenyewe akija, anabisha hodi. Karl Lindner amevaa vizuri, ana mkoba, anazunguka mbuyu kwa muda mrefu mpaka familia inadhani amekuja kuwakaribisha. Kumbe mtaa umechanga kuwanunua wasihamie. Hansberry alikuwa na mfano mkali zaidi nyumbani kwao: baba yake, Carl, alinunua nyumba katika mtaa wa Wazungu mwaka 1937, umati ukawavamia, na kitu kilichorushwa dirishani kilimkosa Lorraine kidogo tu. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1940 familia ilishinda kwa hoja ya utaratibu tu. Masharti ya kutowauzia Weusi yenyewe hayakuguswa. Mtunzi mwingine angelipasua dirisha jukwaani. Nadhani Hansberry alijua waliokaa kwenye viti vya Broadway wangemlaani mrusha mawe na kwenda kulala salama. Lindner si rahisi kumlaani. Anaongea kama wao.

Zile dola 6,500 zilizobaki, ambamo zilikuwamo 3,000 za masomo ya dada yake Beneatha, Walter anamkabidhi mshirika wake wa biashara, naye anatokomea. Basi anamwita Lindner arudi. Anaifanyia mazoezi fedheha yake mbele ya familia, anapiga magoti, anabana sauti kama mtumwa wa kwenye sinema. Ni igizo lake la mwisho, nalo linachukiza kulitazama.

Lindner anapoingia, Ruth anamwambia Travis ashuke chini. Mama anakataa: mtoto abaki, aone. Hapo ndipo senti 50 za asubuhi ile zinapodaiwa. Walter anaanza taratibu, akijikwaa kwa maneno, bila meza ya kupanda wala mke wa kumkoga. Anasema watahamia. Mkono wake uko kwa mwanawe, na safari hii mfukoni hana cha kumpa.