Hongereni, Mafundi wa Rangi ya Unga
Hewa ya chumvi ya pwani hula geti la chuma upesi, ndiyo maana nawaheshimu mafundi wa rangi ya unga. Kazi yao kubwa haionekani: kusugua kutu, kuosha grisi, kukausha. Wakiiruka hatua hiyo, rangi itabanduka, hata iwe ghali vipi. Kisha unga hupulizwa ukiwa na chaji ya umeme, nacho chuma kimeunganishwa na ardhi. Chembe hukikimbilia na kuking'ang'ania, hadi upande wa nyuma wa nondo. Joto la tanuri, nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, huuyeyusha na kuukaza uwe ngozi moja ngumu. Hakuna thina, na unga uliopita pembeni huweza kukusanywa ukatumika tena. Hongereni, hasa ninyi mnaosugua kwa subira pale ambapo mteja hataona.