Ulinganishi wa Mbari na Makabila: Mizani ya Nani?

Tarehe 6 Novemba 1968 wanafunzi wa Chuo cha San Francisco State, Marekani, waliyaacha madarasa. Muungano wa Wanafunzi Weusi na wenzao wa asili za Asia, Meksiko na wenyeji wa kale wa nchi hiyo walidai historia zao zisomeshwe kwa heshima. Mgomo uliendelea hadi Machi 1969, ukazaa kitivo cha kwanza cha masomo ya makabila nchini humo. Aliyeupinga kwa ukali zaidi, rais wa chuo S. I. Hayakawa, alikuwa (ajabu ya kutosha) mtaalamu wa maana za maneno. Mwaka 1981, akiwa seneta, alipendekeza Kiingereza kifanywe kwa katiba lugha rasmi ya Marekani.

Siku 13 kabla ya mgomo huo, huko Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walikuwa wametoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Madai yalikaribiana: kila upande uliuliza nani awe kitovu cha elimu. Lakini waraka wa Nairobi uliipa fasihi simulizi, yaani kauli za watu wenyewe, nafasi ya mbele.

Programu za ulinganishi zilizofuata, kama ile iliyoanzishwa Stanford mwaka 1996, zilikataa kila jamii isomwe kivyake, nazo zastahili sifa kwa hilo. Walakini vipimo vyenyewe vilitoka katika historia ya Marekani, ambako tone moja la damu ya Kiafrika lilitosha kumfanya mtu awe mweusi. Pwani ya Afrika Mashariki mtoto alifuata nasaba ya baba, hata mama awe nani. Mvita nako kuna Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa, ambamo neno taifa ni la watu wa mji mmoja, wala si la dola. Mtafiti akilifasiri kwa neno la Kiingereza la kabila, atapoteza habari ya miji hiyo na mapatano yake; akilifasiri kwa lile la dola, atazua mataifa kumi na mawili yenye bendera. Wala rangi haimsaidii, kwani uungwana wa Mswahili ulipimwa pia kwa mji, dini, mavazi na ufasaha wa kauli. Mambo hayo hayana safu katika jedwali la mbari, na mwanafunzi wa programu hizo asiyesoma Kiswahili hatajua kwamba yameachwa.