Pongezi kwa akina mama wa Bugembe na Mbale

Ukipita Bugembe, jirani na mji wa Jinja nchini Uganda, kanisa kuu la Dayosisi ya Busoga huwezi kulikosa. Mbale nako, chini ya mwamba wa Wanale, lipo la Mtakatifu Andrea. Mimi leo nawapongeza wanawake wa makanisa hayo: Umoja wa Mama wa Kianglikana.

Umoja huu aliuanzisha Mary Sumner huko Uingereza mwaka 1876, baada ya kuwa bibi. Nadhani ndiyo maana umekubalika hivi Uganda, ambako jjajja, yaani bibi, ndiye mlezi wa pili, na mara nyingi wa kwanza. Ukimwi ulipozifagia nyumba miaka ya 1980 na 1990, bibi wengi walirudia ulezi uzeeni: kuamka alfajiri, kupika uji, kutafuta karo, na jioni kuwakusanya wajukuu kwa sala kabla ya kulala. Mtoto alijifunza Baba Yetu akiwa anasinzia gotini.

Mama wa Umoja hahubiri tu. Huketi na binti anayekaribia kuolewa na kumwambia ukweli wa ndoa, ukiwamo ule mchungu. Hubeba viazi vitamu hadi kwa mzazi aliyejifungua, akafua nepi, akaomba, akaondoka bila kutangaza. Kazi hiyo haina mshahara, na magazeti hayaiandiki. Nimeona niiandike mimi, nikiwashukuru wazi: asanteni, mama zetu. Tumelelewa.